Sensa Mpya, Tatizo Lile Lile: Utatuzi wa Hitilafu za Nyaya Zenye Ngao katika Injini

Gari linaletwa gereji taa ya injini ikiwa imewaka, mashine ya kupimia inataja sensa ya krenki (kifaa kinachoiambia kompyuta ya injini mhimili mkuu umezunguka hadi wapi), sensa mpya inanunuliwa na kufungwa, msimbo (namba ya hitilafu) unafutwa, na kabla wiki haijaisha taa ile ile inarudi. Mwenye gari anaamini kwamba ameuziwa sensa bandia, fundi anaanza kuishuku kompyuta ya injini, na wote wawili wanakiruka kitu kilichopo katikati, yaani waya unaoziunganisha. Msimbo P0335 hausemi kwamba sensa ya krenki imekufa. Unasema kwamba kompyuta haikupata ishara iliyoitarajia kutoka kwenye sakiti ya sensa hiyo, na sakiti hiyo inajumuisha waya, soketi, ngao ya waya, na mahali ambapo ngao hiyo imefungwa kwenye ethi, yaani chuma cha gari kilichounganishwa na upande hasi wa betri.

Kwa magari ya Tanga jambo hili lina uzito wa pekee. Gari linalolala Raskazone au Sahare, linaloshinda bandarini, au linalokwenda Pangani na kurudi kila siku, linapumua hewa yenye chumvi mwaka mzima, na masika yakifika kuanzia Machi maji huongezeka juu ya chumvi hiyo. Shaba hugeuka kijani ndani ya ganda la waya bila kuonekana kwa nje. Ndiyo maana naomba fundi asiagize sensa kabla hajajua tatizo hutokea lini: injini ikiwa baridi au moto, kwenye mwendo mdogo au mkubwa, baada ya mvua, baada ya kuosha injini, au tangu siku kifaa fulani kipya kilipofungwa. Majibu hayo huonyesha njia kwa haraka kuliko msimbo.

Kwa nini baadhi ya nyaya zimevikwa ngao

Sensa ya krenki ya aina ya koili na sumaku haipelekewi umeme wa kuiendesha. Huzalisha wake kila jino la gurudumu linapopita mbele yake. Stata inapozungusha injini polepole, ishara hiyo inaweza kuwa chini ya volti moja, na injini ikienda kasi hupanda hadi makumi ya volti. Udhaifu wake mkubwa, basi, uko wakati wa kuwasha, na wakati huo ndio stata inapovuta mkondo mkubwa kuliko kifaa kingine chochote garini. Sensa ya noki, ile inayosikiliza injini inapogonga, hutumia fuwele inayotoa umeme inapotikiswa. Ishara yake ni ndogo, masafa yake ni ya kilohezi kadhaa, na kwa kuwa ukinzani wake ni mkubwa sana, hata umeme hafifu wa kupotea huweza kuifunika.

Pembeni mwa nyaya hizi kuna koili za plagi. Kila koili inapokatiwa umeme, upande wake mdogo hurusha volti 300 hadi 400, na upande wa plagi huzidi volti 20,000. Katika injini za dizeli za kisasa, umeme wa kufungulia injekta hupandishwa hadi makumi ya volti na kukatwa ghafla. Vyote hivyo vinatafuta njia ya kuingia kwenye waya wa ishara.

Watengenezaji huweka kinga mbili, na ni muhimu kuzitofautisha, kwa sababu moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine. Kinga ya kwanza ni kusokota nyaya mbili za ishara pamoja kama kamba ya katani. Uga wa sumaku kutoka kwenye nyaya za stata na alteneta huziingia nyaya zote mbili karibu sawasawa, na kinachoingia kwenye msokoto mmoja hufutwa na msokoto unaofuata. Kinga ya pili ni ngao, ambayo huwa wavu wa shaba au karatasi ya alumini yenye waya mtupu unaotembea nayo. Ngao hukamata uga wa umeme unaotoka kwenye koili na kuupeleka kwenye ethi. Karatasi nyembamba ya alumini haizuii uga wa sumaku wa masafa madogo kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo fundi anayenyoosha nyaya zilizosokotwa ili aungie kwa urahisi, kisha akazirudishia ngao, amerudisha nusu tu ya kinga.

Ngao hufungwa kwenye ethi upande mmoja, kwa kawaida upande wa kompyuta. Ikifungwa pande zote mbili, tofauti ndogo ya volti kati ya bloku ya injini na bodi husukuma mkondo ndani ya ngao yenyewe, na ngao inageuka kuwa chanzo cha kelele. Ikiwa haijafungwa popote, ni chuma kinachoelea kando ya ishara, na huweza kuipitishia kelele iliyoikamata.

Injini inazungushwa lakini haiwaki, au inawaka kwa kubahatisha

Unganisha mashine ya kupimia, fungua ukurasa wa data, na uangalie mizunguko ya injini kwa dakika wakati stata inazungusha. Injini ya petroli yenye betri nzuri huonyesha takriban mizunguko 150 hadi 250, na namba hutulia. Ikibaki sifuri, ishara haifiki kabisa: pima sensa, soketi, na mwendelezo wa waya. Ikirukaruka, mara 200, mara 1,400, mara sifuri, basi ishara inafika ikiwa imechanganyika na kitu kingine, au gurudumu la meno lina kasoro.

Meno hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini kelele kidogo huleta madhara makubwa. Injini nyingi za Toyota zina gurudumu lenye nafasi 36 ambazo mbili zimeachwa wazi, yaani meno 34. Mifumo mingi ya Bosch ina nafasi 60 zilizoachwa wazi mbili, yaani meno 58. Kompyuta hutambua ilipo krenki kwa kuhesabu meno hadi kwenye pengo. Mpigo mmoja wa kelele ukihesabiwa kama jino, hesabu inaharibika, na kompyuta husitisha moto wa plagi au mafuta hadi ipate pengo upya.

Ili kutenganisha vyanzo, chomoa soketi za koili zote pamoja na za injekta, ili petroli isimwagike ndani ya silinda bila kuungua, kisha zungusha tena. Mizunguko ikitulia koili zikiwa zimechomolewa, na ikaruka zikirudishwa, kelele inatoka kwenye moto wa plagi. Ikiruka hata koili zikiwa nje, geukia stata, betri na ethi ya injini. Jaribio hili halihitaji osiloskopu, chombo kinachochora umbo la ishara, na katika gereji ambayo haina chombo hicho ndilo ningelitanguliza. Ukimaliza, futa misimbo ambayo jaribio lenyewe limeizalisha.

Ethi ya injini ipimwe palepale. Weka mita kati ya nguzo hasi ya betri na bloku ya injini, si kwenye bodi, kisha mtu azungushe stata. Ikizidi volti 0.3, waya wa ethi au vifungo vyake vimechakaa. Katika magari ya pwani ya Tanga waya huo huliwa na kutu chini ya kichwa cha boliti, mahali ambapo jicho halifiki mpaka boliti ifunguliwe.

Kuna kosa jingine linalofanana sana na kelele, nalo ni nyaya mbili za sensa ya koili na sumaku kuunganishwa kinyume baada ya kukatwa. Sensa hupima vizuri kwa mita, waya hupima vizuri, lakini kompyuta husoma ukingo usio sahihi wa kila jino, na pengo linaonekana mahali pasipo pake. Injini huweza kukataa kuwaka, au ikawaka na kuonyesha msimbo P0336 (ishara ya krenki isiyo sahihi) huku ikikosa nguvu. Ikiwa tatizo lilianza baada ya waya kuungwa, rudi kwenye mchoro wa nyaya na uhakikishe rangi kabla ya kitu kingine.

Gari linamisi au linazima ghafla likiwa njiani

Hapa msimbo mara nyingi ni P0300 (silinda zinakosa moto bila mpangilio), na plagi ndizo hushutumiwa kwanza. Zishutumiwe kweli, lakini kwa sababu mbili. Plagi zilizochakaa huhitaji volti kubwa zaidi ili ziruke moto, na volti hiyo ndiyo inayoongeza kelele. Aidha, plagi zinazofaa magari haya zina kizuizi cha ndani cha takriban kilo-ohm 5, ambacho katika namba za NGK na Denso huonyeshwa kwa herufi R. Plagi isiyo na kizuizi hicho inaweza kuwasha injini vizuri tu, kisha ikarusha kelele ambayo ngao iliyochoka haiwezi kuizuia. Soma namba kwenye plagi yenyewe, si kwenye boksi.

Mshale wa mizunguko kwenye dashibodi ukianguka hadi sifuri kwa nukta moja huku gari bado linatembea, ishara ya krenki imepotea. Ikipotea injini ikiwa moto tu, pima ukinzani wa koili ya sensa ikiwa baridi na ikiwa moto. Sensa nyingi za aina hii husoma kati ya ohm 500 na 2,500, na namba sahihi hutolewa na mtengenezaji. Kupanda kwa kadiri pamoja na joto ni kawaida. Kukatika si kawaida. Sensa ikiwa salama, tikisa waya kipande kwa kipande injini ikiwa sailensi (ikizunguka bila kukanyagwa mafuta), ukianzia kwenye soketi, kisha kila kona ambayo waya unagusa chuma, kwa sababu hapo ndipo ganda husugulika hadi ngao ikagusa bloku na kupata ethi ya pili bila mtu kukusudia.

Alteneta isisahauliwe. Diodi moja (kijisehemu cha ndani kinachonyoosha umeme wa alteneta) ikifa, gari linaendelea kuchaji na taa ya betri huweza isiwake, lakini umeme unaotoka una mawimbi. Weka mita kwenye volti za AC juu ya betri, washa taa kubwa, na upandishe injini hadi mizunguko 2,000. Chini ya volti 0.1 ni vizuri, na zaidi ya 0.5 ni sababu ya kuifungua alteneta.

Nguvu zimepungua, mafuta yanaliwa zaidi

Hii ndiyo dalili inayopuuzwa kuliko zote, kwa kuwa gari bado linatembea. Katika barabara tambarare kutoka Tanga hadi Muheza dereva huenda asihisi lolote. Gari likianza kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto likiwa na abiria, linachoka mapema. Kompyuta inapoona sakiti ya sensa ya noki haieleweki, huchelewesha moto wa plagi ili kuilinda injini, na moto uliochelewa hupoteza nguvu na kuongeza ulaji wa mafuta. Msimbo wake kwa kawaida ni P0325, P0327 au P0328.

Kuna hali mbaya zaidi isiyo na msimbo. Ngao ikikatika, kelele ya koili huingia kwenye waya na kompyuta huidhania kuwa ni kugonga. Inachelewesha moto, inapima tena, inasikia tena "kugonga", na kuchelewesha zaidi. Katika data, angalia kiasi cha ucheleweshaji injini ikiwa sailensi bila mzigo, hali ambayo kugonga hakutarajiwi. Ukikuta moto unacheleweshwa hapo, kishuku kitu kinachosikika ambacho si kugonga: waya, au mlio wa kweli wa chuma kama ule wa mnyororo uliolegea.

Kufunga sensa hii kuna masharti. Aina bapa yenye tundu katikati hukazwa kwa takriban Newton mita 20, bila washa (pete ya boliti) wala gundi chini yake, juu ya chuma kisafi. Ikikazwa kupita kiasi fuwele hupasuka, na ikilegea haisikii. Sensa nyingi bapa za Toyota zina kizuizi cha ndani kinachosoma kilo-ohm 120 hadi 280 kwenye joto la kawaida. Usomaji huo ukiwa sahihi huku P0325 ikirudi, shuku waya kabla ya sensa. Katika injini nyingi za silinda nne sensa hii iko kwenye bloku chini ya manifodi ya hewa, na soketi yake iko mahali pa kukusanya maji na mafuta, kwa hiyo kazi ya kuifikia ni kubwa. Ni bora waya ukapimwa kutoka upande wa kompyuta kabla manifodi haijafunguliwa.

Tatizo linakuja na maji

Gari lililooshwa injini kwa mashine ya msukumo asubuhi likagoma jioni limejieleza lenyewe. Maji huingia kwenye soketi, lakini pia husafiri ndani ya waya: nyuzi za wavu wa shaba huyavuta taratibu chini ya ganda na kuyafikisha mbali na mahali yalipoingilia. Maji hayo yakiwa na chumvi, karatasi ya alumini inayogusana na shaba huliwa haraka, kwa kuwa metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri ndogo. Baada ya miaka michache unaweza kuchana ganda ukakuta unga mweupe mahali palipokuwa na ngao.

Ukitaka kuthibitisha, nyunyizia maji kidogo kwa chupa kwenye sehemu moja ya waya, subiri, kisha nenda sehemu inayofuata, huku mwenzako akiangalia data. Usimwage maji kila mahali kwa pamoja, kwani hutajua ni wapi palipojibu.

Tatizo lilianza baada ya kufungwa kitu

Taa za zenoni zenye boksi la kupandishia volti, amplifaya ya muziki, chaja ya simu ya bei ndogo, kifaa cha kufuatilia gari, kengele ya wizi: vyote huweza kurusha kelele, na mara nyingi waya wake umefungwa kwa teipu juu ya wayaringi ya injini kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na njia. Chomoa fyuzi ya kifaa hicho na ujaribu. Tatizo likiondoka, hamisha waya wake, uache angalau upana wa kiganja kati yake na nyaya za sensa, na pale ambapo lazima vikutane, vikatane kwa pembe mraba, visitembee sambamba.

Kuipima ngao yenyewe

Toa waya hasi wa betri, chomoa soketi ya sensa na ya kompyuta. Usitumie mita ya kupimia insulesheni yenye volti kubwa ikiwa kompyuta bado imeunganishwa. Kila waya wa ishara, kutoka mwisho hadi mwisho, usome karibu na ohm sifuri. Kati ya waya mmoja wa ishara na mwingine, na kati ya kila mmoja na ngao, pasiwe na njia yoyote.

Kisha tafuta kwenye mchoro mahali ngao inapopata ethi, kwa kuwa magari hayafanani: mengine huipitisha kwenye pini ya kompyuta, mengine kwenye boliti ya bodi au ya injini. Ikiwa imeunganishwa hapo, isome chini ya ohm 1 hadi ethi. Iondoe hapo na upime tena. Ikiendelea kusoma njia ya kwenda kwenye bodi, kuna mguso wa pili mahali fulani, nao ndio wa kutafuta.

Tahadhari moja kuhusu soketi yenye pini tatu. Mafundi wengi huhesabu pini tatu na kuamua kwamba ni sensa ya Hall, aina inayohitaji kupelekewa umeme ili ifanye kazi, ilhali zipo sensa za koili na sumaku ambazo pini ya tatu ni ya ngao. Washa swichi soketi ikiwa imechomolewa: sensa ya Hall huwa na pini inayopokea volti 5 au 12 za kuiendesha. Tambua hilo kwanza kwa volti na mchoro. Kipimo cha ohm hakifai kwa sensa ya Hall.

Sensa ya oksijeni nitaitaja kwa ufupi. Ishara yake ya volti 0.1 hadi 0.9 hutembea karibu na waya za hita yake, na waya ulioyeyushwa na ekzosi huweza kuchanganya viwili hivyo. Macho yanatosha kuuona mara nyingi.

Kutengeneza

Kubadilisha kipande chote cha waya ni bora kuliko kuunga, na wayaringi ya mtumba ya gari la aina ile ile, iliyokatwa na mkia mrefu pamoja na soketi yake, hutoa waya sahihi kwa gharama inayovumilika. Waya wa maikrofoni au wa antena ya televisheni usitumike, ingawa una wavu ndani. Ganda la plastiki la kawaida limekusudiwa joto la takriban nyuzi 70 za Selsiasi, na karibu na injini joto hupita hapo.

Ikiwa ni lazima kuunga, kata nyaya mbili za ishara mahali pasipolingana ili viungo visilaliane. Nyoosha msokoto kwa sentimita mbili au tatu tu, kisha usokote tena mara baada ya kiungo. Kila kiungo kifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Ngao iungwe kivyake, waya mtupu kwa waya mtupu, irudishwe kuzunguka sehemu yote iliyofunguliwa, na ifunikwe ili isiguse chuma. Upande wa sensa ikatwe na kufunikwa, isifungwe kwenye bloku, isipokuwa mchoro wa gari hilo unaelekeza vingine. Silikoni inayonuka siki isitumike kuziba soketi, kwa sababu asidi yake hula shaba. Grisi ya soketi za umeme inatosha.

Baada ya hapo futa misimbo na uendeshe gari katika hali ile ile iliyoleta tatizo. Gari lililokuwa linazima likiwa moto lipelekwe hadi Muheza na kurudi, si kuzungushwa Ngamiani kwa dakika tano. Lililogoma baada ya maji linyunyiziwe maji tena. Gari likirudi kutoka safari hiyo, fungua ukurasa wa misimbo inayosubiri, kwa sababu kompyuta nyingi huhifadhi kosa humo kwanza na kuwasha taa likijirudia katika safari inayofuata.